Jinsi ya kuandika makala yako ya kwanza ya siasa za kimataifa na kuituma kwenye jarida la wanafunzi

Kila muhula maswali ni yale yale. Nianzie wapi? Mada yangu si pana mno? Nadharia ni lazima? Vyanzo nitavipata wapi bila kulipia? Jarida gani litakubali kazi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja na kwa mfululizo, kuanzia siku unapopata wazo mpaka siku unapotuma kazi kwa mhariri.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unasoma uhusiano wa kimataifa, sayansi ya siasa, historia, sheria au uchumi, na unataka kuandika makala ya maneno 3,000 hadi 5,000 kuhusu jambo la dunia ya leo. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kura iliyopigwa katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 2 Machi 2022 kuhusu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Wewe weka mada yako mahali pa mfano huo. Hatua ni zile zile.

Mfano huu nimeuchagua kwa sababu unatugusa. Siku hiyo nchi 141 ziliunga mkono azimio, 5 zilipinga na 35 zilijizuia. Kenya na Rwanda ziliunga mkono. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilijizuia. Yaani nchi sita za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziligawanyika, wakati ibara ya 123 ya Mkataba wa Jumuiya inazitaka zijenge sera ya pamoja ya mambo ya nje. Mengi yameandikwa kuhusu "kura ya Afrika" kana kwamba Afrika ni nchi moja. Na sehemu kubwa ya ushahidi wa upande wa Tanzania upo kwa Kiswahili, umekaa wazi, ukimngoja mtu anayeweza kuusoma. Mtu huyo ni wewe, na ningependa sana uitumie nafasi hiyo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wiki sita hadi nane. Makala ya siku tatu hujulikana tangu aya ya kwanza.
- Nywila ya maktaba ya chuo chako. Wanafunzi wengi hawajawahi kuiomba. Nenda kaunta ya maktaba, ulizia namna ya kuingia kwenye hifadhidata ukiwa nje ya chuo.
- Akaunti ya bure ya JSTOR, hifadhidata ya makala za kitaaluma, inayokuruhusu kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa kila siku 30. Ongeza AJOL, hazina ya majarida ya Afrika, na Google Scholar kwa kutafutia.
- Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo. Isakinishe leo, kabla hujafungua chanzo cha kwanza.
- Bando la kutosha kupakua nyaraka mara moja na kuzisoma bila intaneti. Nyaraka za Umoja wa Mataifa nyingi ni PDF ndogo.
- Wasomaji wawili: mmoja anayeijua fani na mmoja asiyeijua kabisa.

Huhitaji kibali cha utafiti iwapo unatumia nyaraka za wazi peke yake. Ukitaka kuhoji watu, mambo hubadilika: Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na utafiti, na Tanzania utaanza na barua ya chuo chako kabla ya kuulizia taratibu za COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kwa makala ya kwanza nakushauri ubaki kwenye nyaraka. Zinatosha kabisa.

Hatua ya 1: Tafuta fumbo

"Vita vya Ukraine na Afrika" ni mada. Haina mwisho na haina swali. Kinachobeba makala ni fumbo: mambo mawili yaliyo kweli yote mawili, lakini hayaelekei kukaa pamoja.

Tazama fumbo lililomo ndani ya kura yetu. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Aliyeisukuma hoja hiyo ni Julius Nyerere. Miaka 14 baadaye majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Tanzania ikapigana kulikomboa. Kama kuna nchi ya Afrika unayotarajia isimame kidete dhidi ya kutwaa ardhi ya jirani kwa nguvu, ni Tanzania. Lakini Machi 2022 ilijizuia.

Upande wa pili, usiku wa tarehe 21 Februari 2022, balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alilieleza Baraza la Usalama kwamba mipaka ya Afrika haikuchorwa na Waafrika, ilichorwa katika miji ya watawala wa Ulaya. Hata hivyo Waafrika walikubali kuishi nayo kuliko kufufua vita vya zamani. Hiyo ndiyo hoja ya Cairo. Kenya ikaitumia kuiunga mkono Ukraine.

Sasa swali limezaliwa lenyewe: *Kwa nini Tanzania na Kenya, zenye urithi mmoja wa kanuni ya mipaka, zilipiga kura tofauti tarehe 2 Machi 2022?* Lina nchi mbili, siku moja na tendo moja. Unaweza kulijibu.

Pima swali lako hivi: je, unaweza kutaja nyaraka tatu ambazo jibu lake linaweza kupatikana humo? Ukishindwa, swali bado ni pana, au ni la kutabiri. Maswali ya kutabiri ("Je, China itaitawala Afrika?") yaache kabisa.

Hatua ya 2: Anza na nyaraka za asili

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaanza na gazeti, kisha blogu, kisha ukurasa wa Wikipedia, na nyaraka yenyewe hawaigusi. Wewe geuza mpangilio.

Kwa kura ya Umoja wa Mataifa, fungua maktaba ya kidijitali ya Umoja huo (digitallibrary.un.org). Ni bure, haitaki akaunti. Tafuta namba ya azimio: la tarehe 2 Machi ni ES-11/1. Utaona matini ya azimio lenyewe na jedwali la kura la kila nchi. Kisha tafuta kumbukumbu za mjadala, zinazobeba alama PV. Kumbukumbu ya siku ya kura ni A/ES-11/PV.5. Humo kuna hotuba za nchi na maelezo zilizotoa kuhusu kura zao, kabla na baada ya kupiga. Soma pia vikao vilivyotangulia, PV.1 hadi PV.4, kwa sababu nchi nyingi zilizungumza siku za mwanzo na siku ya kura zikakaa kimya.

Elewa pia kura hiyo ilifikaje pale. Tarehe 25 Februari azimio kama hilo lilipelekwa Baraza la Usalama, likapata kura 11 za ndiyo, 3 za kujizuia, na Urusi ikaliua kwa kura ya turufu. Siku mbili baadaye Baraza hilo likaitisha kikao maalumu cha dharura cha Baraza Kuu, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1950 unaoruhusu Baraza Kuu kushika suala pale Baraza la Usalama linapokwama. Aya moja ya maelezo hayo ndani ya makala yako inatosha kumwonyesha mhariri kwamba unajua unachokizungumzia.

Halafu rudi nyumbani. Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge la Tanzania, yaani Hansard, zimo kwenye tovuti ya Bunge, na ni za Kiswahili. Tafuta vikao vya mwaka 2022 ambamo mbunge yeyote aliitaja Urusi, Ukraine, ngano, mbolea au bei ya mafuta. Tafuta pia hotuba ya bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje kwa mwaka wa fedha 2022/23, ilipokuwa chini ya Balozi Liberata Mulamula. Hotuba za bajeti huonekana za kuchosha, lakini serikali hujieleza ndani yake kuliko mahali pengine popote, kwa sababu waziri anaomba fedha na lazima aseme anataka kuzifanyia nini. Kwa Kenya soma Hansard ya Bunge lake na waraka wa sera ya mambo ya nje wa mwaka 2014.

*Onyo:* usinukuu hotuba kutoka kipande cha video cha dakika mbili. Tafuta matini kamili. Kilichokatwa mara nyingi ndicho kinachobadilisha maana.

Hatua ya 3: Weka kumbukumbu siku ile ile

Kila ukifungua chanzo, kiingize Zotero hapo hapo, kisha andika mistari mitatu: kinasema nini, ukurasa gani, kinasaidia hoja gani. Maneno unayoyanakili kama yalivyo yafunge kwa alama za nukuu hata kwenye daftari lako mwenyewe. Wizi wa kitaaluma mara nyingi huanzia hapa, bila nia mbaya: mtu ananakili sentensi wiki ya kwanza, wiki ya tano anaikuta kwenye daftari na kudhani ni yake.

Hatua ya 4: Soma waliokutangulia, kwa kiasi

Makala nane hadi kumi na mbili za kitaaluma zinatosha. Anza na mpya kabisa, kisha fuata marejeo yake kurudi nyuma. Unaposoma jiulize jambo moja tu: mwandishi huyu angejibuje swali langu? Waliokubaliana waweke kundi moja, waliopingana kundi jingine. Hayo makundi ndiyo mapitio yako ya kazi tangulizi. Usiandike aya moja kwa kila mwandishi ("Fulani anasema hivi, fulani naye anasema vile"). Wahariri wamechoka nayo.

Hatua ya 5: Shindanisha maelezo

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua muda mrefu hapa kuliko hatua nyingine zote.

Andika majibu yote yanayowezekana kwa swali lako, hata usiyoyapenda. Kwa mfano wetu, manne yanajitokeza haraka:

a) Kutofungamana. Tanzania ina desturi ndefu ya kutofungamana na upande wowote.

b) Deni la historia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa Dar es Salaam, na Umoja wa Kisovieti ulizisaidia harakati nyingi za ukombozi kusini mwa Afrika.

c) Uchumi. Ngano na mbolea kutoka Urusi.

d) Kiti cha Baraza la Usalama. Kenya ilikuwa mjumbe asiye wa kudumu mwaka 2021 na 2022, na ilikwisha kujitokeza hadharani.

Sasa yapime, moja baada ya jingine, kwa kanuni hii: sababu iliyopo kwa nchi zote mbili haiwezi kueleza tofauti yao. Kenya nayo huagiza ngano ya Urusi, tena kwa wingi. Basi ngano peke yake haielezi kwa nini Kenya ilisema ndiyo na Tanzania ikajizuia. Kutofungamana vilevile: Kenya nayo ni mwanachama wa Umoja wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote. Ukitaka kuishikilia sababu hiyo itakubidi uonyeshe kwamba Tanzania inaibeba kwa uzito zaidi, na uonyeshe kwa nyaraka. Kwa Uganda ni rahisi kidogo, kwa sababu ilikuwa ikijiandaa kuchukua uenyekiti wa umoja huo na ilisema wazi kwamba hilo liliathiri kura yake.

Kiti cha Baraza la Usalama ni maelezo yenye nguvu. Mwaka 2022 Afrika ilikuwa na wajumbe watatu pale: Kenya, Ghana na Gabon. Wote watatu waliunga mkono azimio la 25 Februari, na wote watatu wakaunga mkono lile la 2 Machi. Aliyekwisha kupiga kura ya ndiyo mbele ya dunia nzima siku tano zilizopita hageuki kirahisi. Lakini hapo usishangilie mapema. Rwanda haikuwa na kiti, na bado iliunga mkono. Kwa hiyo kiti kinasaidia kueleza, ila hakitoshi. Mtu akikuuliza kuhusu Rwanda nawe huna la kusema, makala yako imeanguka. Kwa hiyo ilete Rwanda mwenyewe, ndani ya makala, kabla hujaulizwa.

Kisha tafuta kura nyingine za kupimia. Tarehe 7 Aprili 2022 Baraza Kuu liliisimamisha Urusi kwenye Baraza la Haki za Binadamu kwa kura 93 dhidi ya 24, nchi 58 zikijizuia. Safari hii Kenya ilijizuia, na Burundi ikapinga. Tarehe 12 Oktoba 2022 likaja azimio la kukataa Urusi kujitwalia majimbo manne ya Ukraine: 143 kwa 5, na 35 kujizuia. Kenya ikarudi kwenye ndiyo, na Rwanda nayo ikaunga mkono. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zikajizuia tena. Unaona kinachojitokeza? Kenya ilisema ndiyo kila mipaka ilipokuwa ndiyo hoja, na ilirudi nyuma hoja ilipokuwa kuiadhibu Urusi. Kwa hiyo si kweli kwamba Kenya "iko upande wa Magharibi" na yakaisha. Na kujizuia kwa Tanzania hakukuwa ajali ya siku moja.

Ugunduzi wa namna hiyo, uliotoka kwenye majedwali matatu ya bure, una thamani kuliko kurasa kumi za maneno makubwa.

*Makosa yanayojirudia katika hatua hii:*

- Kuchanganya aliyejizuia na asiyeshiriki. Tarehe 2 Machi nchi 12 hazikupiga kura kabisa, zikiwemo Ethiopia na Morocco. Ziweke safu yake. Katika Baraza Kuu, theluthi mbili huhesabiwa kwa waliosema ndiyo au hapana tu.
- Kuihesabu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo kama mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki katika kura ya Machi. Ilikubaliwa na wakuu wa nchi tarehe 29 Machi 2022 na ikakamilisha uanachama Julai mwaka huo. Somalia ilikubaliwa Novemba 2023. Kila unapoandika "Jumuiya", angalia ilikuwa na nani siku hiyo.
- Kusema "Afrika iliunga mkono" au "Afrika ilikataa".
- Kudhani kura ni maoni ya wananchi. Kura ni ya serikali.

Hatua ya 6: Nadharia, kijiko kimoja

Majarida mengi ya wanafunzi hayadai sura nzima ya nadharia. Chagua moja inayokusaidia kuona, ieleze kwa aya mbili, kisha itumie kweli. Kama jibu lako linahusu maslahi na nguvu, nadharia ya uhalisia itakufaa. Kama linahusu namna nchi inavyojiona na historia inayojisimulia, tumia mtazamo unaoangalia utambulisho na kanuni. Nadharia uliyoitaja kwenye utangulizi na isiyoonekana tena mpaka hitimisho iondoe.

Hatua ya 7: Andika hoja kuu kwa sentensi mbili

Kabla ya rasimu, andika jibu lako kwa sentensi mbili ambazo mtu anaweza kuzipinga. Kwa mfano:

*"Kura ya Kenya ya Machi 2022 inaelezwa vizuri zaidi na nafasi yake katika Baraza la Usalama ikiungana na hoja ya mipaka iliyokwisha kuitoa hadharani, na ndiyo maana ilijizuia hoja ilipohama kutoka mipaka kwenda adhabu. Tanzania, isiyobanwa na kauli ya awali, ilibaki kwenye desturi ya kutochagua upande katika ugomvi wa wakubwa, ingawa kanuni ya Cairo ilikuwa yake."*

Hiyo inapingika, na ndiyo sifa yake. "Sababu ni nyingi na changamano" haipingiki, wala haisemi kitu.

Hatua ya 8: Andika rasimu, utangulizi mwisho

Anza na sehemu ya ushahidi, maana ndiyo unayoijua. Kisha historia fupi, kisha mapitio, na utangulizi uandike siku ya mwisho ukiwa tayari unajua makala inasema nini. Mgawanyo unaofaa kwa maneno 4,000: utangulizi 400, waliotangulia 600, muktadha 500, uchambuzi 2,000, hitimisho 500.

Ndani ya uchambuzi kila aya ifanye kazi moja. Ianze na dai, ushahidi ufuate, halafu ueleze ushahidi huo unathibitisha nini. Nukuu ndefu zikate. Ukinukuu Hansard ya Kiswahili katika makala ya Kiingereza, weka tafsiri yako kwenye matini na maneno ya asili kwenye tanbihi, na useme kwamba tafsiri ni yako. Mhakiki asiyejua Kiswahili atakuamini zaidi, na anayekijua ataweza kukukagua.

Ikisiri iandike mwisho wa yote: swali, nyaraka ulizotumia, jibu, na kwa nini jibu hilo linabadilisha tunavyoielewa kura ya nchi ndogo. Maneno 150 hadi 200.

*Onyo kuhusu akili unde (AI):* programu hizi hutunga marejeo. Hukupa jina la mwandishi, kichwa cha makala, mwaka na hata namba za kurasa, vyote vikiwa havipo duniani. Chanzo ambacho hukukifungua kwa macho yako kisionekane kwenye orodha yako. Majarida mengi sasa hutaka useme kama ulitumia programu hizo na kwa kazi gani. Soma sharti hilo na ulitii. Marejeo ya uongo yakigunduliwa, hakuna mhariri atakayefungua kazi yako ya pili.

Hatua ya 9: Kagua kwa mikono miwili

Mkono wa kwanza ni wa ukweli. Chapisha makala, chukua kalamu, zungushia kila namba, tarehe, jina na cheo. Rudi kwenye chanzo, hakiki kimoja kimoja. Kwa makala ya maneno 4,000 kazi hii itakula siku nzima, na hiyo siku usiibanie.

Mkono wa pili ni wa lugha. Isome kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi igawe. Kisha mpe yule rafiki asiyejua fani, mwombe akueleze makala inasema nini. Asipoweza, usimlaumu; rudi hatua ya 7.

Hatua ya 10: Chagua jarida, kisha tuma

Soma matoleo mawili ya jarida kabla ya kulipelekea kazi yako. Yapo yanayoendeshwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza, kama Cornell International Affairs Review na Yale Review of International Studies. Tovuti ya E-International Relations huchapisha insha za wanafunzi. Journal of International Affairs la Columbia, lililoanza 1947, linahaririwa na wanafunzi lakini hubeba zaidi kazi za wataalamu na matoleo yake hufuata mada maalumu. Si mahali pa kuanzia. Ulizia pia idara yako mwenyewe na vyuo vya jirani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Chuo Kikuu cha Nairobi. Jarida dogo la nyumbani lenye mhariri makini litakufundisha kuliko ukimya wa jarida kubwa.

Angalia masharti haya kwa kila jarida: nani anaruhusiwa, idadi ya maneno, mtindo wa marejeo (Chicago au APA), tarehe ya mwisho, na kama kazi ya darasani inakubaliwa. Ondoa jina lako kwenye faili iwapo wahakiki hawatakiwi kukujua, pamoja na kwenye sifa za faili ambako kompyuta huliweka bila kukuuliza. Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Barua ya kuambatanisha iwe na aya mbili: makala inahusu nini, na kwamba haijachapishwa wala kutumwa kwingine.

*Onyo:* ukipokea barua pepe inayokusifia, inaahidi kuchapisha ndani ya siku chache na kutaka malipo, ifute. Jina la jarida laweza kufanana sana na lile unalolijua. Kabla ya kuamini, tafuta majina ya wahariri na uone kama kweli wapo katika vyuo vinavyotajwa.

Ukikwama

*Sipati maelezo ya nchi yangu kuhusu kura yake.* Huenda haikuyatoa. Ukimya nao ni data. Tafuta kama ilizungumza kupitia kundi: Kundi la Afrika, nchi zisizofungamana, SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika). Kisha tazama nyaraka za ndani ya miezi mitatu baada ya kura. Ukiandika, sema wazi kwamba sababu unaisoma kwenye mwenendo, kwamba serikali haikuitamka.

*Makala ninayoihitaji inalipiwa.* Tafuta kichwa chake kwenye Google Scholar na ubofye matoleo yote. Mara nyingi kuna nakala ya bure kwenye hazina ya chuo cha mwandishi. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe fupi yenye adabu. Wengi hutuma siku hiyo hiyo.

*Msimamizi anasema mada ni ya kisiasa mno.* Mwonyeshe swali na jedwali la kura, usimwonyeshe msimamo. Ondoa maneno kama "usaliti" na "unafiki". Swali lililoandikwa kwa utulivu, lenye nyaraka za wazi za Umoja wa Mataifa na Bunge, ni vigumu kulikataa.

*Nimegundua mtu ameshaandika mada yangu.* Msome kwa makini. Karibu kila mara kaacha kitu: kura za baadaye, nchi ya tatu, au vyanzo vya Kiswahili. Anzia pale alipoishia na umtaje kwa heshima.

*Ushahidi unapingana na hoja yangu.* Badilisha hoja. Makala nzuri nyingi zimezaliwa hivyo.

*Tukio bado linaendelea, kila wiki kuna jipya.* Weka tarehe ya kufunga. Andika kwenye utangulizi: "Makala hii inahusu kipindi cha kuanzia Februari hadi Oktoba 2022." Yaliyotokea baada ya hapo si deni lako.

*Nimekataliwa.* Kama wahakiki wametoa maoni, yaorodheshe, fanyia kazi yale ambayo wawili wameyasema kwa pamoja, kisha tuma kwingine ndani ya mwezi mmoja. Kama hawakutoa maoni yoyote, hakikisha kwanza kwamba hukuvunja masharti ya urefu au ya marejeo.

*Wanataka marekebisho makubwa.* Hiyo ni habari njema, maana wanaitaka kazi. Tengeneza jedwali la safu mbili: upande mmoja hoja ya mhakiki, upande wa pili ulichofanya na ukurasa wake. Usichokubaliana nacho eleza kwa nini, kwa sentensi mbili na ushahidi mmoja, kisha rudisha kabla ya tarehe waliyokupa.